Mhina Ulioshiba Mno

Homa Bay,
5 Februari 2024

Kwako abti Abdirashid, mjomba wangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa lako huko Migori. Nakuandikia karatasi kwa sababu jana nilikupigia simu mara nne, na mara zote nne ulinijibu, "Mbuzi wameisha, jaribu wiki ijayo." Sikio lako la kulia lilikufa zamani, na naona la kushoto limeanza kufuata nyayo zake. Cliff wa pikapu amekubali kuwa posta yetu. Akileta mbuzi wako huku ataniletea barua zako, na akirudi na omena, wale dagaa wa Mfangano, atakuletea zangu.

Mimi ni mzima. Duka la vitambaa la mama linaendelea. Shule zilipofunguliwa, wazazi wenye wasichana katika shule ya Asumbi walinimalizia shuka nyeupe zote, hata ile iliyokuwa na doa. Mama Suhail hajambo? Na Suhail mwenyewe, bado anasoma au ameshaanza kukopa?

Sasa jambo lenyewe. Mhina wa mama unakufa. Unaukumbuka, ule alioupanda katika nusu pipa hapa uani. Una miaka tisa ndani ya pipa hilo, na tangu mama atutoke miaka miwili iliyopita haujapata mtu wa kuuelewa. Majani ya chini yamegeuka manjano, yanaanguka, na matawi yamebaki fito. Mimi najua pamba na najua poliesta. Mmea unakula nini, sijui. Jirani wa kulia anasema majivu, wa kushoto anasema maji ya kuoshea mchele.

Nahitaji majani yake kabla ya katikati ya mwezi wa tisa. Kwa nini mwezi wa tisa, tafadhali usiniulize.

Wako akupendaye,
Fardowsa


Migori,
21 Februari 2024

Abti wangu Fardowsa,

Wa alaikum salaam, na salamu za nyumba nzima. Barua yako imefika ikinuka omena, lakini nimeisoma mara tatu. Sisi ni wazima. Mama Suhail anasumbuliwa na goti, ila ulimi wake hauna tatizo lolote. Suhail anasoma, na pia anakopa. Kuhusu simu, masikio yangu ni mazuri. Ni nyinyi vijana mnaomung'unya maneno.

Kwa nini mwezi wa tisa? Sikuulizi. Dalili ya mvua ni mawingu. Msichana wa miaka ishirini na sita hatafuti majani ya mhina ili atie kwenye mchuzi.

Sasa nisikilize, maana umempata mtu hasa. Miaka thelathini nanunua fahali kule mnadani Ogwedhi wakiwa mbavu zinahesabika, na baada ya miezi mitatu nawauza wakipita langoni kwa ubavu. Mmea ni mnyama asiyetembea, basi. Una njaa, tutaulisha.

Hata hivyo sikutegemea kichwa changu peke yake. Nimekwenda kwa Marcella Nyarangi, mama wa Kikisii mwenye agroveti, duka la pembejeo, hapa mjini. Ni Msabato, Jumamosi humpati hata ulie. Aliniuliza maswali kama daktari: yanayogeuka manjano ni majani ya chini au ya juu? Udongo una umri gani? Nilipomjibu, akasema udongo wa miaka tisa umeshanyonywa ukabaki vumbi, na manjano ya chini ni njaa ya naitrojeni, ile inayojenga majani. Mbolea ya DAP tuiache, hiyo ni ya kupandia, kazi yake ni mizizi. Inayokufaa ni CAN, ya kukuzia, zile chembe nyeupe. Amenifungia kwenye gazeti, nami nakutumia kama ilivyo.

Kipimo: vijiko vitatu vya chai kila Ijumaa. Zungusha pembeni, usiguse shina, kisha mwagilia. Nimeongeza gunia la samadi, mbichi kabisa, ya asubuhi hii. Mimi sijawahi kumpa mtu wangu kitu cha jana. Na huko kwenu vumbi la omena linamwagwa bure ufuoni. Tia kwenye kila chungu ulicho nacho, hata vya sebuleni.

Mjomba wako,
Abdirashid


Homa Bay,
19 Machi 2024

Abti mpendwa,

Ramadhani njema kwenu nyote. Saumu inakwendaje? Huku joto la ziwa linatukausha koo kabla ya saa nne, lakini jioni tunafuturu uji wa wimbi na sambusa, na tunasahau kila kitu. Goti la mama Suhail linaendeleaje? Mwambie nimemtumia kitambaa cha baibui, asikate mpaka anipe vipimo.

Nianze na gunia lako. Cliff alilitua mlangoni akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, uncle yako anadhani mimi nabeba maua? Hii gunia imenuka mpaka customer wa omena ananiuliza nimebeba nini. Wa omena!" Nilikuwa nimeshashika koleo nilimwage lote kwenye pipa, jirani yangu Bitutu akanipigia kelele juu ya ukuta: "Wacha! Hiyo iko na moto bado, itachoma mizizi. Weka kando ioze, ikuwe kama udongo." Basi nimelifukia pembeni na kulifunika kwa majani ya migomba. Ukarimu wako utakuwa tayari mwezi wa sita.

Vumbi la omena nalo nilitia kwenye vyungu vya sebuleni kama ulivyoagiza: ule mmea wa kutambaa juu ya kabati, na mishubiri miwili ya dirishani. Abti, paka wa Homa Bay wana mkutano wao, na safari hii mwenyekiti aliuitishia kwangu. Niliporudi kutoka dukani nilikuta udongo hadi kwenye mito ya kochi, na paka mmoja mweusi amelala juu ya kabati, mmea umemviringa shingoni. Nimetoa vumbi lote na kulifukia chini kabisa kwenye magunia ya sukuma wiki uani, na humo linafanya kazi vizuri.

Lakini habari njema ni hii: mhina umechipua! Kila fito ina vitone vya kijani. Nimeruka uani kama mtoto.

Nina swali. Kwenye lile gazeti la Marcella kuna mwandiko wa kalamu: "Kifuniko cha soda 1, kwa mw..." kisha limechanika. Wewe umesema vijiko vitatu kila Ijumaa. Nifuate lipi?

Na sasa nikwambie, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Naolewa. Anaitwa Yassir, ni fundi wa umeme, kwao Kendu Bay. Si Msomali, na bado anashangaa kwa nini mimi nakuita abti nawe unaniita abti. Nimemwambia kwetu mjomba na mpwa wanagawana jina moja. Amesema ni nzuri, inapunguza kazi. Ndoa ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba.

Mama alikuwa akipita pale uani anauvuta mkono wangu, anaupima na tawi, anasema, "Siku yako, hina itatoka hapa." Mama mwenyewe hatakuwepo. Nataka angalau mti wake uwepo mikononi mwangu. Ndiyo maana ya mwezi wa tisa.

Fardowsa


Migori,
22 Aprili 2024

Abti, bibi harusi,

Nilipofika kwenye neno "naolewa" nilimsomea mama Suhail kwa sauti, na vigelegele alivyopiga vimetoa kuku watatu kwenye kiota. Jirani mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani kunaungua. Idi yetu ilikuwa njema, lakini barua yako ndiyo iliyokuwa Idi.

Sasa huyo Yassir. Anaswali? Ana mama mkali? Fundi wa umeme ni mtu mzuri, mradi asiguse waya akiwa na hasira. Kendu Bay ni watu wa dini tangu zamani, sina neno. Mwambie nitakuja na fahali, na fahali huyo nimeshamchagua. Kwa sasa ni mwembamba kidogo, usimwambie hilo.

Kuhusu mhina, nimefurahi mpaka nimemnunulia Cliff soda. Niliwaambia wenzangu sokoni: nimelisha mti kwa barua, na mti umeitika. Sasa usilegee. Mnyama akianza kula vizuri ndipo unapomzidishia. Mvua za mwaka huu hazina adabu, zinaosha chakula chote, kwa hiyo fanya vijiko vinne. Natuma mfuko mwingine.

Mishubiri ya dirishani ipe pia.

Mjomba wako mwenye furaha,
Abdirashid


Homa Bay,
27 Mei 2024

Abti,

Natumaini mvua imewaacha salama. Huku ilituingilia hadi stoo, nikaokoa vitambaa kwa kuvipandisha juu ya meza. Yassir alikuja akazima umeme wote kisha akakaa nami gizani kuhesabu marobota, kwa hiyo naweza kusema ana subira. Mama yake si mkali. Ameniuliza jambo moja tu, kama najua kupika samaki.

Hukunijibu kuhusu kifuniko cha soda.

Mhina umefika juu ya dirisha. Majani ni mapana, laini, ya kijani kibichi. Watu wanasimama mlangoni kuuangalia. Mishubiri, kwa upande mwingine, imevimba kisha ikaoza kuanzia chini, yote miwili. Sikutaka kukuambia, lakini ndiyo hali.

Juzi nilimwita Aliya, yule dada anayepaka hina maharusi wa mji huu, aje ayajaribu majani. Alichuma kiganja kimoja, akaponda na ndimu, akanifunga mkononi kwa kitambaa. Nilikaa saa mbili bila kujikuna. Alipofungua, kiganja kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa chungu, na baada ya kunawa mara mbili hata hiyo ilikwenda. Tukajaribu mkono wa pili. Vile vile.

Aliya aliushika mti, akalipinda jani, akasema, "Fardowsa, hii ni sukuma wiki. Imenona, ni nzuri, lakini ni sukuma wiki." Kisha akaniambia kwa upole kwamba anayo ya pakiti, rangi yake ni kali na hakuna atakayejua.

Mimi nitajua. Nililia, abti, sikufichi. Marcella alisema nini hasa? Niandikie upesi.

Fardowsa


Homa Bay,
24 Juni 2024

Abti,

Heri ya Idi ya kuchinja, ingawa imepita. Najua wiki zile unauza wanyama usiku na mchana, nimekupa nafasi yako. Lakini Cliff amekuja mara tatu bila karatasi. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema, "Mzee ako poa kabisa. Nikimwambia leta barua ya Fardowsa, anaanza kukagua tairi zangu."

Zimebaki wiki kumi na moja na siku chache. Nimeacha kutia kitu chochote kwa sababu sijui nitie nini. Niambie hata kama ni baya.

Fardowsa


Migori,
4 Julai 2024

Abti wangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu humu ndani. Goti limepona. Suhail amefaulu. Tairi za Cliff ni nzima zote nne, nimezikagua vya kutosha.

Nimekwenda kwa Marcella na barua yako mkononi kama mtoto aliyetumwa na mwalimu. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, na wateja wake wote wakasikia: "Mzee Abdirashid, mimi niliandika kifuniko moja ya soda kwa mwezi. Moja! Wewe umepea hiyo mmea chakula ya mwaka mzima. Na mshubiri nani alikuambia inataka CAN? Hiyo hata ukiisahau inashukuru." Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuku alinionea huruma, akanipa kiti.

Ndiyo, abti. Aliniambia siku ile ya kwanza, na aliandika. Vijiko vitatu ni vyangu. Vinne pia ni vyangu.

Nikueleze sababu, ingawa haipendezi. Miezi yake ya mwisho mama yako hakuweza kula. Nilimletea maziwa ya ngamia kutoka mbali, asali, nyama laini ya mbuzi mdogo. Aligusa kwa ncha ya ulimi, akanishukuru, akarudisha. Mimi kazi yangu ni kunenepesha viumbe, na dada yangu mmoja alikonda mbele ya macho yangu. Sasa mti wake ulipofungua kinywa, mtu ananiambia niupe kifuniko cha soda. Niliona ni ubahili. Nikaumwagia kila kitu.

Marcella aliposikia hivyo akaniletea chai. Kisha akanieleza polepole. Mti ulikuwa na njaa ya kweli, na mbolea ilikuwa sahihi. Kosa ni kipimo. Ukiushindilia naitrojeni unakimbilia majani makubwa yaliyojaa maji, na rangi inabaki nyuma. Hapo ndipo nilipojipiga kichwa. Kwetu Isiolo mihina ilijiotea kwenye ua wa mawe, kwenye jua, hakuna aliyeipa hata salamu, na hina yake ilikaa mwezi mzima. Nimeulisha kama fahali wa Idi, kumbe ni ngamia.

Fanya hivi. Hakikisha matundu ya chini ya pipa yamezibuka. Mwaga maji mengi mara moja, ndoo baada ya ndoo, yachukue ile chumvi ya mbolea na kutoka nayo. Kisha, na hapa nafunga macho nikiandika, kata matawi yote laini. Yote. Usogeze pipa penye jua la siku nzima, ukutani kwenye mabati. Maji kidogo, na tu udongo ukikauka hadi kifundo cha pili cha kidole. Mbolea, hakuna. Samadi iliyooza zipe sukuma wiki.

Anasema yatakayochipuka yatakuwa machache na madogo. Kama yatakuwa na rangi, hawezi kuapa. Nisamehe, abti.

Abdirashid


Homa Bay,
20 Agosti 2024

Abti,

Nimekusamehe tangu ule mstari wa asali, kwa hiyo acha kumtuma Cliff akuulizie uso wangu ulikuwaje. Yassir anakusalimu. Mama yake ameonja samaki wangu, ameomba kichwa.

Nilikata matawi yote siku hiyo hiyo niliyopata barua, kabla ujasiri haujaisha. Bitutu alikuja ukutani akanikuta nimekaa katikati ya lundo la kijani nalia, akafikiri nimevunja uchumba. Baada ya hapo wiki tatu mti ulikuwa kigingi tu. Yassir alikuwa akipita akiuangalia kwa huruma, na siku moja nikamkamata na kikombe cha maji nyuma ya mgongo. Nimemwambia hapana, mjomba wangu mmoja anatosha.

Chumvi kweli ilitoka. Maji ya kwanza yalipokauka sakafuni yaliacha utando mweupe.

Mmea wa kutambaa sebuleni nimeupa kipimo cha Marcella nilichokipunguza nusu, na kukiyeyusha kwenye maji, maana chungu chake ni kidogo. Umefika upande wa pili wa kabati. Sukuma zimetushinda kula, ninawagawia wateja: nunua mita tatu, ondoka na fungu.

Na mhina? Umechipua, abti. Majani ni madogo kama kucha ya kidole cha mwisho, magumu, na ncha zake zina wekundu kidogo. Jana Aliya alichuma matano tu, akaponda, akaweka katikati ya kiganja changu. Alipofungua tulitazamana. Rangi ya chungwa! Leo imeiva, imekuwa kahawia nyekundu, nimenawa na sabuni ya kufulia na haijasogea. Nimeshindwa kufanya kazi, kila mteja nampimia kitambaa kwa mkono huo.

Tatizo ni uchache. Aliya ameyakadiria, anasema yakikaushwa na kuchekechwa yatajaa kikombe cha kahawa. Vidole kumi, anasema, ncha tu, na maua ya mkononi atachora kwa ile ya pakiti. Nimekubali. Vidole kumi vya mama vinanitosha.

Njoo mapema. Na huyo fahali asile tena CAN.

Fardowsa


Homa Bay,
15 Septemba 2024

Abti wangu,

Nimeiandika barua hii asubuhi, na mama Suhail atakupa mkishafika Migori pamoja na kichupa kilichofungwa kwa kitambaa. Jana ulikaa na wanaume bandani, ukamsifu fahali wako kwa kila mgeni, na hatukupata hata dakika ya kusema. Nimefurahi kiasi kwamba mashavu yananiuma. Yassir alipoulizwa kama amekubali, alijibu kabla swali halijaisha, watu wakacheka.

Nataka ujue yaliyotokea Alhamisi, kwenye hina ya wanawake, maana wewe hukuwepo.

Aliya alianza na mkono wa kulia. Vidole vitano, kimoja kimoja, na chumba kizima kilikuwa kinaimba. Akaja wa kushoto: dole gumba, kidole cha shahada, cha kati. Mama Suhail alikuwa amekaa miguuni pangu akinipepea. Mimi nikamwambia kwa utani, ndevu za abti zimekuwa nyeupe kama pamba siku hizi, kwani mjini Migori hina imekwisha? Akaacha kupepea. Akasema, "Hujui? Miaka yote mama yako Kaltum ndiye alikuwa akimtumia hina ya ndevu, kutoka mti ule. Tangu afariki nimemnunulia ya pakiti mara mbili. Mara zote mbili ameirudisha dukani."

Abti, miezi minane tumeandikiana juu ya mti huu. Umeniuliza habari za majani, umekiri makosa, umekata matawi kwa mkono wangu. Hata siku moja hukusema kwamba nawe ulikuwa unayangoja.

Aliya alikuwa ameshapaka cha pete. Kilibaki kidole cha mwisho. Nikakunja ngumi, nikamwambia hicho hapana. Wakapiga kelele wote: bibi harusi mwenye vidole tisa! Mama yake Yassir akauliza kama nina kidonda. Nikasema sina, ila kuna mtu sijamgawia.

Iliyobaki ndiyo hiyo kichupani, nimeiweka kwenye jokofu la duka la jirani hadi leo. Haitoshi ndevu zote, labda kidevuni tu. Paka ukifika, usiingoje kesho, nguvu yake inapungua.

Mpwa wako,
Fardowsa, mke wa Yassir


Migori,
27 Septemba 2024

Abti wangu Fardowsa,

Wewe na mumeo muwe katika heri, na nyumba yenu isikose kicheko. Sisi tulifika salama. Mama Suhail bado anasimulia harusi kwa watu waliokuwepo.

Barua yako alinipa nikiwa bado na viatu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Siku ya maziko ya Kaltum sikulia, abti. Kulikuwa na wageni wa kupokelewa, kulikuwa na kaburi, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Jumapili ile nililia mpaka mama Suhail akafunga kiduka chake cha mbele ya nyumba ili watu wasiulize. Nililia nikicheka, usihuzunike.

Alinipaka mwenyewe jioni hiyo hiyo. Ulisema kweli, ilitosha kidevuni, pande za mashavu zimebaki nyeupe. Nimelala nimefunga kitambaa kama mwenye jino bovu. Asubuhi nilitazama kwenye kioo: nyekundu kabisa, ile ile, sikuwa nimeiona kwa miaka miwili.

Kule Ogwedhi wameniuliza nimeoa nani. Mmoja amesema nafanana na beberu aliyechovya ndevu kwenye mchuzi. Cliff amenipiga picha. Marcella alitoka nje ya agroveti yake, akanizunguka mara moja, akasema, "Mzee, sasa hii ndiyo kipimo." Nimewajibu wote jambo moja, kwamba ni hina ya dada yangu. Nimelitamka jina lake sokoni mara nyingi zaidi wiki hii kuliko miaka miwili yote, na halikuniuma.

Nawe nimeiona picha ya mikono yako. Watu wanaangalia maua, mimi niliangalia kile kidole kitupu tu, na sijawahi kupewa zawadi kama hiyo.

Mti umeuchuma hadi kwenye fito, kwa hiyo utakawia. Uache kwenye jua. Mwezi wa kumi na mmoja upe kifuniko kimoja cha soda, kimoja, Marcella mwenyewe amesimama hapa ananikodolea macho nikiandika. Ukichipua tena, majani ya kwanza yaponde, mwite Aliya, amalizie kidole chako.

Ndevu zitangoja.

Mjomba wako,
Abdirashid